Duka la Minecraft linaishi kwa kununua

Watu wakiniuliza nifanyeje duka langu kwenye seva ya Minecraft, lile gemu la kuchimba na kujenga, lichangamke, wengi wanategemea niwaambie habari za jengo, sijui ghorofa la kwatzi, sijui taa zifichwe chini ya zulia, au wanataka niwatajie kitu adimu cha kuuza. Mi nawauliza swali moja tu, duka lako linanunua nini? Wengi hapo wanakaa kimya, manake duka lao linauza tu. Kila kibao ni nipe hela, nipe hela, nipe hela, alafu wanashangaa mbona watu wanapita wanaangalia wanaondoka.

Seva ninayocheza ni ya Minecraft, survival ya kawaida yenye uchumi, yani kila mchezaji ana salio lake, unaandika /bal unaliona, unaandika /pay unamrushia mwenzio. Mashine yenyewe iko Ulaya kwaiyo wachezaji wengi ni Wazungu, ila kuna kundi letu la watu wa Dar, Mwanza, Mombasa, Nairobi, na wengine wanaingia na simu kwa sababu mwenye seva kaweka Geyser, ile programu inayowaruhusu wa Bedrock, lile toleo la simu, kuingia kwenye seva ya Java, lile la kompyuta. Bila hiyo wengi wetu tusingekuwepo kabisa, kompyuta ya kuchezea Java sio kila mtu anayo.

Maduka yanaendeshwa na plagini ya ChestShop, yani programu ya nyongeza ya seva. Unaweka chesti, unabandika kibao, mstari wa kwanza unauacha wazi plagini inajaza jina lako yenyewe, wa pili unaandika idadi, wa tatu bei, wa nne jina la kitu. Shughuli yote iko mstari wa tatu. B ni bei ambayo mteja ananunua kwako, S ni bei ambayo mteja anakuuzia wewe. Ukiandika B 260 peke yake we ni muuzaji basi. Ukiandika B 260:S 200 kibao kimoja kinafanya kazi zote mbili, mteja akibonyeza kulia ananunua, akibonyeza kushoto anauza, na wa simu akigusa ananunua, akishikilia kidole anauza. Hela inatoka kwenye salio lako hata kama we umelala. Watu wengi sana wanajua ile B wanaisahau ile S, na mi naamini kabisa S ndo duka.

Sababu ni hii. Andika /baltop kwenye seva yoyote ya namna hii uone hela imekaa wapi. Imekaa kwa watu wachache wa juu, wale walioanza siku ya kwanza, wana kila kitu, hawana wanachohitaji kwako. Mgeni aliyeingia leo ana njaa, ana sululu ya mawe, anataka kila kitu ila salio lake halifiki popote. Sasa we umejaza chesti zako vitu vizuri na mwenye shida navyo hana hela, mwenye hela hana shida navyo, utamuuzia nani? Lazima huyu mgeni apate hela kwanza, na anachoweza kupata mgeni siku ya kwanza ni miwa, magogo, ngano, mifupa, vitu vya kuokota na kulima. Nunua hivyo. Akishapata hela yako yuko umbali gani na chesti zako? Hatua mbili.

Ndo maana mlangoni kwangu hakuna kibao cha kuuza hata kimoja. Ukiingia mkono wa kushoto unakutana na S tupu, miwa 64 kwa 32, magogo, baruti, vijiti, lulu za endamani, na ukishamaliza kuuza ukigeuka tu upande wa pili ndo unakuta karoti za dhahabu 16 kwa 40, mienge, sululu za almasi, kitanda. Kuna dogo mmoja wa Mombasa alikuja na staki tatu za miwa, staki moja ni vitu 64, akapata 96, akasimama pale akaandika kwenye chati "buda hii ni yangu kweli?", nikamwambia ni yako mdogo wangu, akanunua karoti akaondoka. Alirudi usiku ule ule na miwa mingine, na huyo mpaka leo ni mtu wangu, sema sasa hivi hauzi tena miwa ya kukata kwa mkono.

Hiyo miwa inaenda wapi? Roketi. Kama hujawahi kuendesha duka nakwambia mapema, bidhaa inayolisha duka kwenye seva iliyokomaa ni roketi za kurukia. Kila mwenye elitra, yale mabawa yanayopatikana kwenye meli za ulimwengu wa Endi, anazitumia asubuhi mchana jioni, zikiisha yuko chini anatembea kwa miguu, na hakuna anayependa kukaa kuzitengeneza. Upanga mtu ananunua mara moja ukiwa na Mending, ule uchawi wa kujikarabati, anakaa nao msimu mzima, hakurudii tena. Roketi anarudi kesho.

Roketi zinazopendwa ni zile za baruti tatu, unaweka karatasi moja na baruti tatu zinatoka roketi tatu. Kwaiyo staki ya roketi 64 inakula karibu staki nzima ya baruti na karatasi kama 22 hivi, na karatasi inatoka kwenye miwa, miwa mitatu karatasi tatu. Baruti 64 nanunua kwa 160, miwa ya hizo karatasi inanigharimu kama 11, jumla tuseme 171, roketi 64 nauza 260. Inabaki 89 hapo. Ukiangalia haraka utasema faida ndogo si ulime mwenyewe na ujenge shamba la kripa, yale majini ya kijani yanayodondosha baruti, upate baruti bure? Nimewasikia wengi wakisema hivo. Ila shamba la kripa linataka mtu akae pale jirani kwa masaa, halitoi kitu ukiwa mbali, na anayekaa pale usiku kucha kaacha kompyuta inawaka hana mpango wa kulima miwa, na anayelima miwa hana uwezo wa kujenga shamba la kripa. Mimi niko katikati nawaunganisha, huyu namlipa 160, yule namlipa 32, wote wawili wana hela ya kununua kitu, na mi nina roketi nyingi kuliko mtu yeyote ambaye angejaribu kufanya vyote peke yake. Toka toleo la 1.21 la Juni 2024 kuna ile krafta inayotengeneza vitu yenyewe kwa redistoni, ule umeme wa ndani ya gemu, kwaiyo hata ile kazi ya kukaa na meza unabonyeza bonyeza imeisha, miwa inaingia huku baruti inaingia kule, roketi zinashuka kwenye chesti.

Kitu kingine ni kupima. Mtaani kwetu duka la Mangi haliuzi mafuta ya kula ya lita tano peke yake, mtu anakuja na kichupa anapimiwa ya mia tano, na duka linajaa watu kuanzia asubuhi. Wengi kwenye seva wanaweka kibao kimoja tu cha 64. Mtu ana 80 mfukoni na amekwama mbali na nyumbani, anataka roketi za kumfikisha tu, we unamwambia 260. Mi nina vibao vitatu vya roketi kwenye chesti tatu za pembeni, cha 64 kwa 260, cha 32 kwa 135, cha 16 kwa 70. Ukihesabu anayenunua kumi na sita kumi na sita analipa 280 kwa staki, zaidi kidogo, na hajawahi kulalamika mtu kwa sababu amepata kiasi anachokiweza. Na cha 16 ndo kinachobonyezwa kuliko vyote.

Sasa bei. Hapa watu wanaumia na ni hesabu ya darasa la nne. Bei ya S lazima iwe chini ya B, hiyo kila mtu anajua, ila usiangalie kitu kimoja kimoja, angalia kila umbo ambalo kitu kinaweza kugeuka. Jirani yangu mmoja, mtu mzuri sana na mjenzi hatari, alikuwa anauza bloku ya chuma 80, alafu kibao cha pembeni ananunua vipande vya chuma kwa 10 kimoja. Bloku moja inavunjika kuwa vipande tisa. Mtu ananunua kwake kwa 80 anamrudishia palepale kwa 90. Aliamka asubuhi salio limekauka na chesti zake za chuma zimejaa vilevile kama alivyoziacha, na aliyefanya hivo hakuvunja sheria yoyote, alikuwa anabonyeza vibao tu. Toka siku hiyo kabla sijabandika kibao kipya nakaa na karatasi naandika, gogo moja mbao nne, mbao mbili vijiti vinne, kwaiyo gogo ni vijiti nane, bei ya kununua vijiti nane isizidi bei ninayouzia gogo. Na miwa na karatasi hivo hivo. Na mbegu na mifupa na kila kitu kinachogeuka kitu kingine.

Na ukishakuwa na S nyingi tenga hela ya kununulia. Salio likiisha kibao kinamwambia mteja kuwa mwenye duka hana hela, na mteja aliyebeba staki ishirini za kitu kutoka mbali akakutana na hayo maneno harudi. Anaenda kwa mwingine, na akifika kwa mwingine atanunua hukohuko. Mi nimefungua na mdogo wangu, yeye ana akaunti yake, hela ya matumizi yetu ya kujenga inakaa kwake, salio la kwangu ni la duka tu. Chesti nazo zina kikomo chake ambacho kinalinda mfuko, chesti pacha ina nafasi 54, ikijaa haipokei tena, kwaiyo ukitaka kununua ngano kidogo tu weka chesti ndogo ya 27 na ujaze nafasi nyingine kwa kitu kingine. Huna haja ya kuwa pale kukataa, chesti inakataa yenyewe.

Muda nao. Wazungu wanatoka kazini na shule wanaingia jioni yao, na jioni yao kwetu ni kuanzia kama saa mbili, saa tatu usiku, inategemea wamesogeza saa zao au bado. Kwaiyo mi najaza duka saa kumi na mbili jioni hivi, nikila nikirudi nakuta watu wamejaa. Wamarekani wanakuja alfajiri yetu, hao sijawahi kuonana nao sana, tunajuana kwa kibao tu, wanakuta vitu wananunua, naamka asubuhi naona orodha ya mauzo. Ndo uzuri wa duka la namna hii, halina haja ya we kuwepo, linataka vitu viwepo. Umeme ukikatika kwetu siku nzima duka liko wazi Ulaya.

Hilo nililiona vizuri zaidi Mei 2024, zile nyaya za intaneti za baharini zilipokatika na huku Afrika Mashariki mtandao ukawa wa shida, Tanzania tuliumia haswa. Nilikuwa nabahatisha kuingia usiku wa manane, pingi inapanda unabonyeza mlango unafunguka we ushakata tamaa. Nilidhani duka litakuwa limekufa. Roketi zilikuwa zinatoka vizuri tu, Wazungu hawakuwa na habari kama kuna tatizo. Kilichokufa ni upande wa kununua. Wale madogo wa huku wanaoniletea miwa walikuwa hawapo, hata mmoja, na chesti ya miwa ikashuka siku baada ya siku mpaka ikabaki tupu wakati baruti ipo tele, na karatasi ikiisha roketi zimeisha. Nilipandisha S ya miwa kutoka 32 mpaka 50 ili Wazungu wavutike, wakaja wachache. Mtandao uliporudi madogo wakarudi nao, bei nikaiacha kwanza juu wiki hiyo makusudi, wafaidi, alafu nikaishusha taratibu. Kabla ya hapo nilikuwa nahesabu wateja wangu ni wale wanaonunua roketi. Tangu hapo nawahesabu wanaoniuzia kwanza.

Kuna vitu vinavyolipa mwanzoni mwa msimu ambavyo haifai kuvitegemea. Vitabu vya Mending ni mfano mzuri. Mwanzo kila mtu anataka, mtu yuko tayari kutoa salio lote, ila mwanakijiji wa maktaba, yule mtu wa gemu lenyewe, ukimwekea lektani ambayo ni meza yake ya kazi, unaivunja unaiweka tena mpaka atoe kitabu unachotaka, atakuuzia Mending kwa emeraldi kati ya 10 na 38, na ukimtibu akiwa zombi bei inashuka sana. Muda si mrefu kila mtu ana wa kwake nyumbani. Uza haraka, chukua hela, hamia kwenye vitu vinavyoisha. Emeraldi zenyewe mi nanunua mpaka leo, manake fundi mishale anatoa emeraldi moja kwa vijiti 32, na mgeni mwenye msitu mlangoni kwake anaweza kuzipata siku ya kwanza.

Na fuatilia matoleo mapya ya gemu, kwa sababu sheria za Mojang, wenye gemu, zikibadilika bei zako zinabadilika usiku mmoja. Toleo la 1.20 la Juni 2023 lilifanya kila anayetaka kupandisha vifaa vyake kutoka almasi kwenda netheraiti, yani ngazi ya juu ya almasi, awe na ile templeti, inayopatikana kwenye magofu ya Bastioni kule Netha, ule ulimwengu wa moto, na kuinakili templeti moja kunataka almasi saba na netharaki moja. Piga hesabu, kofia, deraya, suruali, viatu, upanga, sululu, shoka, kila kimoja kinakula templeti yake. Kabla ya hapo mtu akishakuwa na deraya almasi zinakaa tu chesti. Baada ya hapo zikaanza kuliwa. Mi nilikuwa nanunua almasi muda wote kwa bei ya wastani kwa watu waliokuwa wanaona hazina kazi, na toleo lilipofika nikawa nauza templeti iliyokwishanakiliwa, mtu hana haja ya kwenda Netha kufa na pigilini. Yaliyokuwa yanakuja yalitangazwa miezi kabla, kila mtu angeweza kuyasoma.

Ushindani upo. Duka likichangamka mtu anafungua jirani anauza roketi kwa 240, mwingine 220, na mtindo wa wengi ni kushushana mpaka wote hamna faida. Mi sishushi. Naangalia kwanza huyu jirani roketi zake anazipata wapi, na mara nyingi ni stoku ya mkupuo mmoja, kajaza chesti mbili basi, hana anayemuuzia. Ikiwa anauza kwa bei iliyo karibu na gharama yangu nanunua kwake nakwenda kuziuza kwangu kwa vipimo vidogo, yeye anafurahi kauza, mi nimepata stoku bila kutengeneza. Ikiwa ana chanzo chake cha kweli basi namfuata kwenye chati naongea naye, kaka we chukua upande wa roketi, mi naongeza nguvu kwenye chakula na vifaa, au we uniuzie baruti. Wengi wanaelewa.

Kitu kimoja ambacho nakikataa kabisa ni hela ya kweli. Madogo wananiambia "kaka nikutumie kwenye M-Pesa unipe elitra", na najua wanamaanisha wema. Siuzi kwa hela halisi, seva yetu inakataza na adhabu yake ni kufungiwa, alafu unamchukulia mtoto hela ambayo pengine ni ya nauli. Namwambia niletee miwa, niletee magogo, ntakuwekea elitra pembeni na salio lako likifika unachukua. Yupo aliyefanya hivo hivo, yule wa Mombasa niliyemtaja. Alipata elitra yake kwa miwa, akaanza kuruka, akaona watu wa huko mbali hawana pa kuuzia vitu vyao, akafungua tawi lake karibu na kijiji cha wageni wapya, vibao vya S tupu. Ananunua staki ya miwa kwa 30, ananiletea mimi kwa 34 kwenye shalka, lile sanduku la kubebea, shalka moja ni staki 27, na mi nimeacha kununua rejareja upande ule. Juzi kaniambia anataka 36 manake wageni wameongezeka na anawalipa 32 sasa. Nimemkubalia.